Rangi ya bibi harusi

Msimu wa pili wa tamthilia ya Kihindi iitwayo Made in Heaven, uliotoka Prime Video Agosti 2023, unafungua na bibi harusi anayefanyiwa matibabu ya kung'arisha ngozi ili siku yake apendeze. Uso unamharibikia. Harusi imeshalipiwa, wageni wako njiani, na msichana amejifungia mbele ya kioo.

Walioifuatilia tangu 2019 wanaujua mtindo wake. Tara na Karan wana kampuni ya kuandaa harusi jijini Delhi, kila sehemu inaleta harusi mpya, na nyuma ya maua kuna jambo ambalo familia haitaki lisemwe. Katika msimu wa kwanza, kwa mfano, msichana msomi anaiacha harusi yake baada ya kugundua kuwa wazazi wake wamedaiwa mahari. India iliyapiga marufuku mahari kwa sheria ya mwaka 1961, lakini bado yanadaiwa. (Huko mzigo unabebwa na upande wa binti. Kwetu ng'ombe wanaelekea njia nyingine.)

Hilo la mahari mzazi wa Kitanzania anaweza kulitazama kama habari ya mbali. La rangi, hapana.

Huko Endagikot, wilayani Mbulu, sehemu hiyo ilitazamwa kwenye simu moja na watu watatu: mama, binti yake anayejiandaa kwa send-off, na shangazi aliyekuja kutoka Arusha kwa ajili ya vikao. Binti ndiye aliyekuwa akisoma maandishi ya chini na kuwatafsiria. Ilipoisha, mama aligeukia kopo jeupe lisilo na lebo ambalo shangazi alikuwa amelileta siku mbili kabla.

"Wifi, hiki umekipata wapi?"

"Kwa dada wa saluni. Siku kumi na nne tu, anatakata. Mabibi harusi wote wanapaka."

"Kina nini ndani?"

Shangazi hakuwa na jibu. Wauzaji wengi pia hawana, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkorogo huchanganywa kwenye ndoo na kugawanywa kwenye makopo, na hata bidhaa yenye lebo nzuri inaweza kuficha kilichomo.

Vinavyotajwa zaidi ni vitatu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haiishii kwenye ngozi: huingia mwilini, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Aliyeolewa Desemba anaweza kuwa kliniki Machi, akiwa bado anapaka. Zebaki hiyo hubaki pia kwenye taulo na mashuka, na mtoto anayelala na mama yake huipata bila kupakwa chochote. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu, hasa juani, huweza kuacha mabaka meusi yenye ubluu ambayo ni magumu kuyaondoa. Na baridi ya Mbulu isimdanganye mtu, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali.

La tatu ni steroidi kali kama clobetasol, dawa ambayo daktari humwandikia mgonjwa wa ngozi kwa muda maalumu. Ukiipaka kila siku kama losheni, ngozi inakuwa nyembamba, chunusi na michirizi vinatokea, vidonda vinachelewa kupona. Ukiiacha ghafla, uso unaweza kuwaka na kuwasha vibaya, na wengi hurudi kwenye kopo wakidhani ndilo tiba. Aliyekwisha kuanza aende kituo cha afya na kopo lake mkononi, na kama ni mjamzito aseme mapema. Asione aibu. Mtoa huduma anahitaji kujua kilichopakwa, hata kama jina lake halijulikani.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini hakuna mkaguzi anayeingia chumbani kwa bibi harusi. Anayeingia ni mama, shangazi na somo wake.

Jioni ile Endagikot, mama alikuwa tayari kumlaumu wifi yake. Binti akamkatiza kwa upole.

"Mama, shangazi hajaanza leo. Si wewe uliyekuwa ukiwaambia wageni kuwa mdogo wangu ndiye aliyebahatika rangi?"

Mama alisema ulikuwa utani tu.

"Nilikuwa darasa la tatu, mama. Nilikuwa nasugua magoti kwa jiwe."

Maneno kama hayo husemwa katika nyumba nyingi bila nia mbaya. Mtoto anazaliwa, na kabla hajapewa jina watu wanageuza masikio yake kuangalia rangi atakayokuwa nayo. Mweupe anaitwa mzuri hapohapo. Mweusi anasifiwa afya, au anaambiwa atabadilika. Nchini India mwaka 2020 krimu maarufu ya Fair & Lovely ilibadilishwa jina na kuwa Glow & Lovely baada ya malalamiko ya miaka mingi. Krimu ikabaki sokoni.

Shangazi alilifunga kopo kwenye mfuko na kusema atamrudishia mwenye saluni, ingawa fedha yake haitarudi. Mama hakuomba msamaha, angalau si kwa maneno. Asubuhi alimpigia mpambaji simu na kumuuliza kama ana poda inayolingana na shingo ya binti yake, si ile inayofanya uso uwe mtu mwingine na mikono mtu mwingine. Mpambaji alisema rangi hiyo hana, watu hawaiulizi. Ataiagiza Arusha.