Pedali Ilipozama Sekenke

Kabla lami haijafika Mlima Sekenke, mtu akitoka Singida mjini kwenda Nzega alishuka kuelekea Wembere kwa gia ndogo, mkono ukiwa karibu na handbreki. Mimi nilishuka hapo nikiwa bado kijana wa gereji, ndani ya Land Rover 88 ya misheni ambayo breki zake nilizifunga mwenyewe siku mbili kabla.

Tulipofika katikati ya mteremko dereva akakanyaga pedali, ikaenda mpaka sakafuni. Hakupiga kelele. Alirudi gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia, akaliegemeza gari upande wa mwamba hadi likasimama. Nilishuka magoti yakitetemeka, nikakuta tairi la nyuma kushoto limelowa kwa ndani.

Kosa lilikuwa langu. Miaka ile ya 1980 spea zilikuwa adimu, nikaziosha raba kuukuu za wili silinda kwa mafuta ya taa na kuzirudisha. Zilikuwa zimevimba, laini kama ugali uliolala majini. Na lile gari lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne: likivuja gurudumu moja, umekosa yote.

Nilimweleza fundi mkuu bila kuficha. Mzee yule alinitazama, akanipa kopo la spiriti na kitambaa safi. "Mwanangu, raba ya breki huoshwa kwa hii au kwa mafuta ya breki yenyewe. Kingine chochote ni kaburi la mtu." Kuanzia hapo kazi ya breki pale gereji ikawa yangu.

Lile gari la misheni tulilipa nguvu zaidi baadaye. Tulipata Land Rover 109 iliyopinduka, tukang'oa breki zake za mbele: dramu za inchi 11 badala ya 10, na wili silinda mbili kila gurudumu badala ya moja. Kwa mpangilio huo breki shuu zote mbili hujivuta zenyewe kuing'ang'ania dramu gari linapokwenda mbele. Tulichukua na masta silinda ya 109, kwa sababu ile ndogo ya 88 isingesukuma mafuta ya kutosha. Kutoa upepo kulituchukua siku nzima. Hewa hujificha kwenye kibomba kinachounganisha silinda mbili. Dramu zenyewe tulizipeleka kwa mkerezaji zikachongwa, maana zilikuwa na mifereji ambayo ukucha ungezama.

Wengi huzilaumu dramu bure, kumbe adui ni joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia breki shuu, na lainingi iliyoungua hupoteza mshiko. Aliyekanyaga breki tangu juu ya Sekenke akifika chini hukuta pedali imekuwa ndefu. Mafuta nayo hunywa unyevu wa hewani: DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230, lakini yakishalewa maji hushuka hadi karibu 155. Kwa hiyo mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili, hata yakionekana safi.

Jambo moja linaniumiza hadi leo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, nasi tulipuliza vumbi lake kwa kompresa huku tumeinama juu yake, midomo wazi. Hakuna aliyetuambia kwamba linaharibu mapafu. Sasa nalilowesha kwa maji kwanza, nafuta kwa kitambaa kibichi, na vijana wangu hawagusi kompresa karibu na dramu.

Kukaza breki ndiyo kazi ninayoipenda. Nainua gurudumu kwa jeki, nalizungusha kwa mkono wa kushoto, wa kulia una spana kwenye nati nyuma ya bamba. Nakaza mpaka gurudumu linagoma, narudisha kidogo, nakanyaga pedali shuu zikae sawa, naanza upya. Sikio ndilo linalopima: nataka gurudumu lizunguke huru, likiacha mkwaruzo mwembamba wa kuhesabika.

Ndugu msomaji mwenye gari la zamani, fundi akifungua dramu moja mwambie afungue zote nne, na raba zikitoka usikubali zirudi. Kisha panda naye mkalijaribu gari pamoja, yeye ndiye ashike usukani.