Kipimo cha Karela

Msomaji mpenzi, huenda jikoni kwenu pia mna sufuria ya dawa chungu iliyofunikwa. Kwetu Mombasa ilikuwamo, na aliyeileta ni mimi.

Mama yangu alipatwa na ugonjwa wa kisukari. Daktari alimpa vidonge, akamwonya asiache kuvimeza. Nami, kijana niliyetoka chuo cha ualimu nikijiona mjuzi, nilisikia sokoni ya kuwa maji ya karela hushusha sukari mwilini. Nikazinunua, nikaziponda, nikachuja maji yake. Mama akayanywa kila asubuhi juu ya vidonge vyake. Daktari hatukumwambia, kwa kuwa tulichelea kuchekwa.

Siku ya tisa, alfajiri, nilimkuta Mama amelowa jasho, mikono yamtetemeka, naye ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Jirani yetu muuguzi alikuja mbio. Alipoona kuwa Mama bado aweza kumeza, akamnywesha maji yaliyokorogwa sukari. Baada ya kitambo fahamu zikamrudia.

"Sukari yake imeshuka kupita kiasi," akasema yule muuguzi. "Amekunywa nini?"

Nikainamisha kichwa.

Usidhani, ewe msomaji, kwamba naidharau mimea. Huko Ulaya uko mmea wa jamii ya kunde uitwao galega, ambao watu wa kale waliutumia kwa maradhi mbalimbali. Wataalamu waligundua ndani yake kitu kinachoshusha sukari, lakini kilikuwa na sumu. Baadaye ikatengenezwa dawa inayofanana nacho, iliyo salama zaidi. Na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza jinsi alivyoitumia kuwatibu wagonjwa wa kisukari. Dawa hiyo ni metformini, ambayo leo humezwa na mamilioni ya watu.

Basi, tofauti iko wapi? Iko katika kipimo. Kidonge kimepimwa kwa miligramu. Bali karela moja huwa kali na nyingine hafifu, wala sufuria haina mizani. Tena, vitu viwili vishushavyo sukari vikikutana mwilini, huweza kuishusha kupita kiasi.

Mama aliporudi kwa daktari, tulimweleza yote. Hakutucheka. Aliandika neno "karela" katika cheti, akamkataza kuyanywa maji yale pamoja na vidonge.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nami nimejifunza kwamba ndivyo alivyo hata mficha dawa.