Jina Husemwa, Sifa Hupimwa

Waswahili husema kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kwamba jibu humtegemea aliyeulizwa, na kwamba mtu anaweza kuuliza vyema, akajibiwa kwa unyofu, na bado akapotoka.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alilitambua jambo hilo usiku, akiwa ameketi mbele ya tarakilishi, zikiwa zimesalia wiki tatu tu kabla ya kumwasilishia msimamizi wake data ya tasnifu. Alikuwa amenukuu masimulizi kutoka kanda kongwe za pwani, na sasa alihitaji programu ya kuorodhesha kila neno pamoja na muktadha wake. Programu aliyopewa na mwenzake ilikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haikuja ikiwa tayari kutumika, bali kama msimbo chanzo, yaani matini ambayo sharti yafasiriwe kwanza katika lugha ya mashine inayohusika. Mwanafunzi aliendesha skripti ya kwanza, ile iitwayo configure. Mistari michache ikapita, kisha kazi ikakwama. Skripti ilitangaza kuwa haikuweza kukisia aina ya mashine, na kwamba ilimlazimu mtumiaji aitaje mwenyewe.

Mtu atauliza, kwa nini mashine ihojiwe kabila lake? Sababu ni kwamba prosesa hazisemi lugha moja. Maagizo yaliyokusudiwa prosesa ya x86 hayaeleweki kwa prosesa ya ARM. Mifumo endeshi nayo hutofautiana katika namna ya kuzihifadhi na kuziita maktaba zake. Ili mwandishi wa programu asilazimike kuandika maelekezo mapya kwa kila mashine, David MacKenzie alianzisha zana ya Autoconf mwaka 1991, nayo ndiyo huzizalisha skripti hizi za configure. Mfuatano wake ni faili mbili: config.guess, ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa Per Bothner, na config.sub.

Kazi ya config.guess ni kubisha hodi na kuuliza. Huiendesha amri ya uname na kupata majibu manne: aina ya mashine, jina la mfumo, namba ya toleo na maelezo ya toleo hilo. Majibu hayo huyaunganisha na kuyalinganisha na orodha ndefu ya mashine zinazojulikana. Likipatikana linalolingana, hutoa jina kamili, kwa mfano i686-pc-linux-gnu: prosesa kwanza, mtengenezaji katikati, mfumo mwishoni. Mtengenezaji asipojulikana, mahali pake huandikwa unknown, na kazi ikaendelea bila aibu. Baadaye config.sub husanifisha. Anayeandika amd64 hubadilishiwa ikawa x86_64, kwa kuwa prosesa ni ile ile ila majina ndiyo mawili. Msomaji aliyesoma habari za mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, hatashangaa kuwa hata mashine zina kamati yake ya lugha.

Tatizo la usiku ule lilikuwa jepesi kueleweka. Tarakilishi ya mwanafunzi ilikuwa na prosesa ya ARM ya biti 64, ambayo usanifu wake ulitangazwa mwaka 2011 na ambayo Linux huiita aarch64. Skripti ilikuwa imeandikwa kabla ya jina hilo kuzaliwa. Iliuliza, ikajibiwa, lakini haikumjua mgeni. La kusifika ni kwamba haikujitia ujuzi. Ilichapa yote iliyoyasikia, ikakiri kushindwa, na ikamwomba mtumiaji ayapeleke majibu hayo kwa watunzaji wake ili orodha ipanuliwe. Mwanafunzi alitafuta nakala mpya za faili zile mbili, akaziweka mahali pa zile kuukuu, akaanza upya. Safari hii jibu lilikuja bila kusita: aarch64-unknown-linux-gnu. Kabla ya alfajiri, programu ilikuwa tayari.

Lau kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha fundi tu. Lakini katika kutafuta suluhisho, mwanafunzi alikuwa amesoma maelezo ya Autoconf, na humo alikuta fikra iliyomkosesha usingizi hata baada ya kazi kukamilika. Zana hiyo humshauri mwandishi wa programu asitegemee jina la mfumo pale anapoweza kupima sifa. Akitaka kujua kama kuna kitendaji fulani, asiseme, “Hii ni Linux, bila shaka kipo.” Na aandike programu ndogo inayokiita kitendaji hicho, aijenge, aone kama itakubali. Jina ni dai. Jaribio ni ushahidi.

Tena jina lenyewe huweza kuwa kweli kwa upande mmoja na kupotosha kwa upande mwingine. Tarakilishi za Apple zenye prosesa ya M1, zilizotoka mwaka 2020, ni za ARM. Lakini amri ya uname ikiendeshwa ndani ya Rosetta 2, mkalimani wa programu za zamani, hujibu kuwa mashine ni x86_64. Vivyo hivyo, mfumo wa Linux unaweza kuwa na keneli ya biti 64 ilhali programu zake zote ni za biti 32. Hakuna aliyedanganya. Kila tabaka hujibu kwa yale linayoyaona.

Hapo ndipo mwanafunzi alipozikumbuka kanda zake. Katika jedwali lake palikuwa na safu iliyoandikwa “Lahaja”, nayo aliijaza kwa kunakili vibandiko vya kanda. Kibandiko kiliposema Kiamu, naye aliandika Kiamu. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeulizwa: msimulizi, au mahali aliporekodiwa? Aliifungua orodha ya maneno iliyotolewa na programu, akaanza na kanda moja ya “Kiamu”. Mato lilikuwapo, badala ya macho. Lakini neno hilo ni la Kimvita pia, halitoshi kuamua. Alitafuta mayi na yana, kama Waamu wasemavyo. Hakuyapata. Kila mahali palikuwa na maji na jana. Mwishoni mwa nukuu, katika maneno aliyokuwa ameyaruka kwa kuyaona si sehemu ya hadithi, msimulizi alikuwa akieleza kuwa alizaliwa na kulelewa Mombasa, akafika Lamu kwa ndoa.

Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imesimama juu ya vibandiko vile. Kuiacha kama ilivyo kungempa utulivu, na huenda hakuna mtahini ambaye angezisikiliza kanda zenyewe. Asubuhi alikwenda kwa msimamizi wake, akaomba aongezewe muda. Aliivunja safu ya “Lahaja” ikawa mbili: “Jina lililopewa” na “Sifa zilizopatikana”. Pale ambapo sifa hazikutosha kuamua, aliandika “haijulikani”, neno ambalo awali aliliogopa kana kwamba lingemshusha hadhi.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi alirejea kwenye kanda ya kwanza, akaisikiliza upya tangu salamu za mwanzo hadi kwaheri ya mwisho, na safari hii hakuruka neno.