Ng'ombe Washukapo Milimani

Katika jimbo la Tirol, nchini Austria, mkulima hawezi kulisha ng'ombe wake mahali pamoja mwaka mzima. Miezi ya baridi theluji hufunika malisho, nao wanyama hukaa zizini. Kwa hiyo ifikapo Juni wengi hupandishwa milimani pamoja na wachungaji, ili majani ya bondeni yapate kukatwa, kukaushwa na kuwekwa akiba. Maziwa yanayokamwa huko juu hufanywa siagi na jibini.

Mwezi wa Septemba, kabla theluji haijaanguka, kundi hurudishwa. Ikiwa hakuna mnyama aliyekufa, ng'ombe huvikwa mataji ya maua na matawi ya miti na kengele kubwa shingoni, na watu hutoka kuwalaki kwa shangwe. Lakini ikiwa mmoja ameanguka gengeni au amepigwa na radi, au nyumba ya mwenyewe imefiwa, hawapambwi. Siku hizi wageni wengi huja kutazama maua hayo. Wenyeji nao huyatazama, kwani ng'ombe akipita kichwa kitupu, jirani hujua kwamba inafaa kwenda kutoa pole.