Mtu Aliyetajwa Ndani ya Wimbo

Katika mbina, yaani mashindano ya ngoma ya Kisukuma, hakuna mwamuzi wa kunyanyua kibao chenye alama. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma yake, na watu huhama kufuata utamu. Aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mambo hayo yapo tangu karne ya 19, kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba kuhesabu watazamaji kumeletwa na YouTube.

Tofauti ni kwamba manju, yaani mwimbaji wa mbina, huwaona watu wake. Anajua nani mkwe wa nani, nani kauza ng'ombe juzi. Nyimbo zetu za Kisukuma za siku hizi bado zina tabia hiyo: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, wa Geita hutajwa, mfugaji wa Kishapu hutajwa, na wengi hulipia kutajwa. Wapo wanaosema huko ni kuombaomba. Mimi naona ni biashara ya heshima, tena ndiyo njia bora ya kuutangaza wimbo niliyowahi kuiona. Aliyetajwa huutuma wimbo kwa shemeji zake, huuweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, huupiga dukani Katoro siku ya gulio. Mchimbaji aliyetoka Maswa au Bariadi akishapanda kutoka shimoni, hununua bando autafute, maana kasikia ukoo wake umo. Tangazo la kulipia halina undugu wa namna hiyo.

Ninachokiogopa ni fedha kuishia njiani. Waimbaji wengi wa vijijini hurekodi studio za mjini, na studio huipakia video kwenye chaneli yake yenyewe. Siwalaumu wenye studio; kamera ni zao, kompyuta ni zao, umeme wanalipa wao. Ila mgawo wa matangazo humwendea mwenye chaneli, na kuijenga chaneli ni kazi: kwa video za kawaida YouTube hudai watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Manju akikaa miaka akiijaza chaneli ya mwenzake, siku akitaka kujitegemea huanza na sifuri, ingawa sauti yake inajulikana hadi Kahama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, COSOTA inayosimamia hakimiliki ipo, lakini utadai nini kama mlikubaliana kwa mdomo tu, mkasindikiza kwa soda?

Kwa hiyo vijana wakiniuliza, nawaambia waandikishiane kabla kamera haijawashwa: chaneli ni ya nani, mgawo ni kiasi gani. Nawasisitizia pia namba ya simu inayopita chini ya video iwe ya mwimbaji, isiwe ya studio peke yake. Mwenye harusi Masumbwe akiupenda wimbo, namba hiyo ndiyo atakayoipigia, na malipo ya mwaliko hayasubiri saa 4,000.