Benchi la Kliniki

Kisarawe ya utoto wangu, miaka ya 1980, mtu akianza kusema peke yake hakukosa wa kumsemea: ana jini, karogwa, au ni bangi. Basi kaka yangu alipofika miaka 19, akaacha kulala na kudai kwamba redio ya jirani inamtaja jina, wazee walijua pa kuanzia. Akapelekwa kilingeni upande wa Maneromango, akafukizwa, akapigiwa ngoma usiku kucha. Nyumbani ustadhi akamwandikia kombe, aya za Kurani za kuoshwa na kunywewa. Fedha za korosho za msimu mzima ziliishia huko, na shangazi zangu wawili wakaacha kusemezana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa uchawi.

Siwabezi wazee. Mganga alikuwa karibu, alimsikiliza mgonjwa mpaka mwisho, na jibu alikuwa nalo. Hospitali ya akili tuliyoisikia ni Mirembe, Dodoma, na aliyepelekwa Mirembe watu walimsimulia kama marehemu.

Aliyevunja mzunguko huo ni mama mdogo, aliyeolewa Kibaha. Alimchukua kaka akaenda naye hospitali ya Tumbi. Mimi nikawa msindikizaji, na benchi la kliniki ndilo lililonifunza. Nilitarajia kukuta wahuni wa vijiweni. Nikamkuta mwalimu wa kike, kondakta wa basi, mama mwenye mtoto mgongoni. Mzaramo kando ya Mchaga, kanzu kando ya rozari. Wapo waliovuta bangi, ambayo kweli huongeza hatari, na wapo ambao hawajawahi kuishika. Muuguzi alitueleza kwamba ugonjwa wa kaka, skizofrenia, huanza zaidi ujanani, kwa wanaume mara nyingi mapema kuliko wanawake. Kwamba hufuata ukoo, ila watoto walio wengi wa mgonjwa hawaupati. Baadaye nilisoma makadirio ya Shirika la Afya Duniani: watu milioni 24 duniani wanaugua, kama mmoja katika kila 300. Kwa hesabu hiyo, kijiji chetu hakikuwa na mkosi wowote wa pekee.

Sindano ya kila mwezi ilizififisha sauti. Mwanzoni ilimkakamaza na kumtetemesha mikono, akaongezewa vidonge, akatulia. Leo analima mihogo yake. Kombe bado anakunywa, na daktari hajamkataza. Shangazi wanasemezana, tena ndio wa kwanza kugundua usingizi wake ukipungua. Ugomvi wetu sasa ni nani atoe nauli ya kliniki, na dawa ikikosekana, nani achangie ya kununua dukani.