Kukutana na Kifaduro Si Kukingika

Msambweni, Kwale

Mpwa wangu Mwanasiti,

Umeniandikia kwamba wanao wakubwa, ambao hawakuchanjwa, walicheza na mtoto mwenye kifaduro wasiugue, hivyo unaona wamejenga kinga na mtoto wako mchanga naye hahitaji sindano. Kwetu Udigoni mjomba hanyamazi mambo ya wana wa dada yake yakiwa hatarini, kwa hiyo nisikilize.

Mtoto asiyeugua si lazima awe amekingika. Huenda hakuvuta vijidudu safari hiyo. Huenda bado vinakua mwilini mwake, kwani dalili huchukua siku 7 hadi 10 kutokea, wakati mwingine hata wiki 3. Au ameambukizwa kidogo, anakohoa kama mwenye mafua tu, huku akimpelekea mdogo wake maradhi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha haya. Linalojulikana ni kwamba kati ya watu 10 wasio na kinga wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, 8 au 9 huambukizwa. Kuponea mara moja hakuwapi ulinzi wa mara ya pili, na anayeumia zaidi ni mchanga. Yeye huenda asitoe hata ule mlio wa kuvuta pumzi. Hukatika pumzi tu, akageuka rangi.

Utasema kinga ya kuugua ni bora kuliko ya sindano. Ni kweli anayeugua hupata kinga, lakini nayo hufifia baada ya miaka, sawa na ya chanjo. Tofauti kubwa iko kwenye gharama: aliyechanjwa amelipa kwa homa ya siku moja mbili, aliyeugua kwa wiki nyingi za kikohozi, pengine na nimonia, degedege au kifo. Homa hiyo ya chanjo siikatai, kwa kuwa chanjo yetu ina vijidudu vizima vilivyouawa. Lakini tazama Japani: mwaka 1975 waliisimamisha chanjo ya aina hii kwa muda baada ya vifo vya watoto wawili waliochanjwa, wazazi wengi wakaiacha, na mwaka 1979 kifaduro kikawapata watu zaidi ya 13,000 na kuua 41. Hofu ya madhara machache ilizaa msiba mkubwa zaidi.

Usitegemee pia kwamba ulichomwa sindano ukiwa mjamzito. Ile ni ya pepopunda, haina kinga ya kifaduro. Maziwa yako ni neema, mnyonyeshe, ila hayatoshi kuzuia ugonjwa huu.

Basi mpeleke kliniki, Diani au hapa Msambweni, akitimiza wiki 6, kisha 10, kisha 14. Sindano hiyo ya kinga tano, yenye chanjo ya kifaduro, imo katika ratiba ya Kenya tangu 2001, na dozi moja haitoshi. Nenda na wale wakubwa pia, muuguzi aangalie umri wao na awapangie. Mpaka mchanga akamilishe, mwepushe na kila anayekohoa, hata jamaa wa karibu. Akikohoa hadi kutapika, au pumzi ikikatika, usingoje asali wala kombe: mkimbize hospitali. Dawa za kuua vijidudu hufaa zaidi zikianza mapema, na huenda nyumba nzima ikapewa.

Mungu awahifadhi wanao, nawe ufanye sehemu yako.

Wasalaam,
Mjomba wako